Harufu ya Kumfukuza Paka Isiwe Sumu

Alfajiri katika vichochoro vya Mji Mkongwe, Unguja, ukitulia utamwona paka dume akiugeuzia mlango mgongo. Mkia unasimama wima, ncha yake inatetemeka, kisha anarusha mkojo ukutani, usawa wa pua ya paka mwenzake. Kwake huo ni ujumbe kwamba hapo pana mwenyewe. Kwa mwenye nyumba ni uvundo wa siku nyingi, na ndiyo maana wengi hukimbilia chupa ya kunyunyizia dawa za kumfukuza paka.

Je, dawa hizo zinafaa? Kwa kiasi, ndiyo. Pua ya paka inakadiriwa kuwa na seli za kunusa milioni 200, yetu sisi yapata milioni 5 tu. Harufu ya siki au ya maganda ya ndimu, ambayo sisi twaistahimili, kwake ni kero. Lakini harufu hupeperuka, mvua huiosha, na paka naye huzoea.

Hapo ndipo watu huongeza ukali, na hapo ndipo hatari inapoanza. Mafuta ya karafuu, yanayopatikana kwa wingi visiwani, yana kemikali iitwayo yujenoli. Ini la binadamu huiunganisha na aina ya sukari, ikatoka kwa mkojo. Paka hana uwezo huo wa kutosha, kwa sababu jeni ya kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo iliharibika tangu enzi za mababu zake. Kwa sababu hiyo hiyo, kidonge kimoja cha parasetamoli kinaweza kumuua.

Wala si lazima ayanywe mafuta hayo. Akikanyaga sakafu iliyonyunyiziwa, baadaye atakaa kivulini alambe nyayo zake, na sumu itaingia tumboni. Mafuta makali ya machungwa na ya mikaratusi, mafuta ya taa, vidonge vya nondo na dawa za wadudu zenye permetrini navyo visitumike. Paka akianza kutokwa na mate, kuyumba au kutetemeka, usimtapishe. Kama amepakaa dawa mwilini, mwoshe kwa maji na sabuni laini, kisha umwahishe kwa daktari wa mifugo.

Njia salama huanza na usafi. Mkojo wa paka una asidi ya yuriki isiyoyeyuka kirahisi katika maji, ndiyo maana harufu hurudi siku zenye unyevu. Tumia sabuni yenye vimeng'enya. Epuka amonia, kwa kuwa inanuka kama mkojo na humwita paka arudi. Klorini nayo ikikutana na mkojo au siki hutoa gesi inayodhuru mapafu.

Pakishakauka, nyunyizia siki kipimo kimoja kwa maji vipimo viwili, ukirudia kila baada ya siku chache. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zisiguswe na siki, maana asidi huila chokaa. Hapo tandaza maganda mabichi ya machungwa chini ya ukuta.

Kwenye bustani, funika matuta kwa wavu ili paka asijisaidie humo. Kinyesi cha paka kinaweza kubeba vimelea vya toksoplasma, vinavyoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Vimelea hivyo huchukua siku 1 hadi 5 kabla ya kuweza kuambukiza, kwa hiyo kinyesi kiondolewe kila siku, kwa glavu, na mama mjamzito amwachie mtu mwingine kazi hiyo.

Kwa dume anayerusha mkojo, dawa kubwa ni kuhasiwa. Takriban madume 9 kati ya 10 hupunguza au huacha kabisa tabia hiyo.

Chupa ya siki humwambia paka "si hapa" tu. Haja yake bado anayo, na atakwenda kuimaliza mlango wa pili. Mtengee boksi la mchanga mkavu pembeni, palipotulia, na mchanga huo ubadilishwe mara kwa mara. Akipapata mahali pake, mlango wako utapumua.