Alkoholi si Pombe: Istilah Moja katika Habari za Tauni

Mfasiri asomapo kwamba bakteria za tauni hupambanuliwa kwa uwezo wao wa kuchachusha alkoholi, huenda akaandika "pombe". Kosa hilo si dogo. Mkulima wa Ntobeye, wilayani Ngara, aijuaye pombe ya ndizi na namna ichachukavyo, aweza kudhani kwamba ulevi huleta tauni, au kwamba kunywa humkinga mtu nayo. Yote mawili si kweli.

Alkoholi ni jina la jamii nzima ya kemikali. Ethanoli, ambayo ndiyo ileweshayo katika pombe, ni mojawapo tu. Gliseroli ni nyingine: kimiminika kizito, kitamu, kisicho na rangi, ambacho ni sehemu ya mafuta na shahamu. Basi kila pombe ina alkoholi, lakini si kila alkoholi ni pombe.

Tauni ni maradhi ya panya, nayo humfikia binadamu hasa kwa kuumwa na viroboto. Katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Kagera si ngeni: mwaka 1898 Robert Koch alitangaza kuwako kwake Kiziba. Mwaka 1951 René Devignat, mtafiti wa tauni katika Kongo ya Wabelgiji, aligawa bakteria hizo katika aina tatu kwa vipimo viwili: kuchachusha gliseroli na kugeuza naitreti kuwa naitraiti. Antiqua huweza yote mawili; Medievalis huweza gliseroli tu; Orientalis huweza naitreti, lakini gliseroli huishinda. Baadaye ilibainika kwamba Orientalis imepungukiwa na kipande kidogo cha jeni ihusikayo na gliseroli. Kwa hiyo gliseroli ni kipimo cha maabara cha kutambulisha aina. Si chanzo cha ugonjwa wala tiba yake.

Tunashauri, basi, "alkoholi" litumike kwa jamii ya kemikali, "ethanoli" kwa ile ya kileo, na "pombe" libaki kwa kinywaji. Nalo neno "kuchachusha" lifafanuliwe: bakteria huvunjavunja gliseroli hata ikatoa asidi. Mwananchi akielezwa hivyo hatapotea njia, bali atashika lililo muhimu: asiguse panya waliokufa, na aonapo homa na mitoki awahi hospitali, kwani tauni hutibika kwa viuavijasumu ikigunduliwa mapema.