Uso Kama Kauri: Wapambaji Wanaoiga Kutu, Gamba na Udongo

Usiku wa tarehe 25 Januari 2024, chini ya daraja la Alexandre III mjini Paris, waonyesha mavazi walipita mbele ya watazamaji wakiwa na nyuso zilizong'aa kama sahani za kauri zilizotoka tanuruni. Hapakuonekana kitundu cha jasho wala kunyanzi. Ilikuwa kana kwamba wanasesere wa kale wameshuka kutoka rafuni na kuanza kutembea. Mavazi yalibuniwa na John Galliano kwa nyumba ya Maison Margiela. Nyuso zilikuwa kazi ya Pat McGrath, Mwingereza aliyezaliwa na mama Mjamaika katika mji wa Northampton, ambaye hakupata kusomea upambaji chuoni, na ambaye mwaka 2021 alitunukiwa cheo cha Dame nchini kwake.

Kwa siku kadhaa wapambaji wa nchi nyingi walihangaika kuitafuta siri yake. Hatimaye aliitoa mwenyewe. Alichukua ule utando wa kusafishia uso ambao wanawake hujipaka, wakauacha ukauke, kisha wakaubandua. Aliuzimua kwa maji safi, akaupuliza kwa bomba dogo la hewa, tabaka juu ya tabaka, kila moja ikikaushwa kabla ya nyingine kuja. Rangi za macho na mashavu zilikuwa zimekwisha kupakwa chini yake.

Tumeitaja habari hii ya mbali kwa sababu vijana wengi wa miji yetu nao wameingia katika kazi ya kubuni nyuso za namna hiyo. Huyu anataka shavu lenye magamba ya samaki, yule anataka paji la uso lililopasuka kama tope la kiangazi, mwingine anapenda kutu ya bati kuukuu. Hatuwalaumu, jicho la mpambaji lina haki ya kutembea litakako. Ila tumeona wengine wakidhani kwamba njia ya kukiiga kitu ni kukichukua kitu chenyewe na kukibandika usoni. Hapo ndipo hatari ilipo.

Kauri hujulikana kwa jicho kuwa ni kauri kwa sababu mwanga ukiiangukia hurudi pamoja, bila kutawanyika. Ngozi ya binadamu, kwa vitundu na vistari vyake, huutawanya. Utando ule uliyajaza mabonde hayo madogo, na mwanga ukarudi kama urudivyo juu ya sahani. Hakuna chembe ya kauri iliyotumika. Hali kadhalika, atakaye kutu asikwangue bati. Kutu ni oksaidi ya chuma, na oksaidi za chuma zilizosafishwa kwa ajili ya vipodozi ndizo zitiazo wekundu, manjano na weusi katika poda nyingi za dukani. Atakaye magamba na atwae kipande cha wavu mwembamba, hata wa soksi, aunyooshe juu ya shavu, apigepige poda ya kung'aa juu yake, kisha auondoe polepole. Magamba yatabaki yamejipanga.

Mng'ao wa poda hiyo una habari yake. Mara nyingi hutokana na ulanga, jiwe lile libanjukalo kama kurasa za kitabu, ambalo tangu zama za Wajerumani lilichimbwa katika milima ya Uluguru nchini Tanzania. Ulanga husagwa, kisha kila chembe huvikwa ngozi nyembamba mno ya oksaidi ya titani. Ngozi hiyo ikiwa nyembamba zaidi au nene zaidi, rangi ionekanayo hubadilika, ingawa hakuna rangi yoyote iliyotiwa. Ndivyo ionekanavyo mafuta yaliyomwagika juu ya dimbwi, na ndivyo ing'aavyo lulu.

Na hapa tungependa msomaji atulie kidogo. Mng'ao wa aina hii huonekana kwa nguvu zaidi juu ya kitu cheusi, kwa kuwa weusi humeza mwanga uliobaki na kuiacha rangi moja ikiwaka peke yake. Buluu au kijani ambayo juu ya ngozi nyeupe hufifia, juu ya ngozi nyeusi huwa kama bawa la kipepeo. Kwa miaka mingi viwanda vya Ulaya na Marekani vilitengeneza poda kwa kupimia ngozi za watu wao, na dada zetu walipojipaka wakaonekana wa majivu. Wengi wakaamini kwamba kasoro ni ya ngozi. Haikuwa ya ngozi hata kidogo. Ilikuwa ya poda, yenye weupe mwingi kupita kiasi.

Wala ufundi huu si mgeni kwetu. Wasurma na Wamursi wa kusini mwa Ethiopia hujichora kwa udongo mweupe na mwekundu, wakitumia vidole. Wanawake wa Kisiwa cha Msumbiji husugua kijiti cha msiro juu ya jiwe kwa maji, wakapata uji mweupe wa kupaka usoni. Wangazija wana msindanu wao, na mwambao mzima unaijua liwa. Uji huo hukauka, ukawa uso wa pili juu ya uso wa kwanza, na ukioshwa unaondoka wote.

Lakini si kila kipakwacho huondoka. Mnamo mwaka 1933 huko Marekani ilijulikana habari ya rangi ya kope iliyoitwa Lash Lure, ambayo ilipofusha macho ya mwanamke mmoja na kumuua mwingine. Ndani yake mlikuwa na dawa iitwayo parafenilinidiamini. Sheria ya mwaka 1938 ya kusimamia vipodozi nchini humo ilichochewa kwa sehemu na mikasa ya namna hiyo. Dawa hiyo bado imo katika unga wa kutia nywele weusi, na unga huo ndio piko wanayochorwa maharusi wa pwani pamoja na hina. Marekani hairuhusu ipakwe ngozini. Kwetu hukorogwa kibakulini, kwa sababu hina ya majani haitoi weusi upendwao, nayo yataka subira ya saa nyingi.

Rangi mpya ya kawaida yaweza kujaribiwa kwanza ndani ya kiwiko na kungojewa siku mbili. Piko isijaribiwe hata hapo, maana huenda jaribio lenyewe likaifundisha ngozi kuichukia. Tulionana na bibi mmoja aliyechorwa kwa arusi yake. Malengelenge yalitoka siku ya tatu, yakafuata mchoro. Wino ulikwisha kufutika zamani, lakini mkononi mwake maua yangalipo, kila jani na kila kikonyo mahali pake, yameinuka kwa kovu.