Istilahi za Poka: Dhana ya Akiba Haba

Mchezo wa poka ulikulia Marekani katika karne ya 19, na mashindano yake yajulikanayo zaidi duniani yalianza kufanyika Las Vegas mwaka 1970. Kiswahili kina msamiati wa karata wa siku nyingi. Kopa, uru, pau na shupaza ni maneno tuliyoyapokea kwa Wareno. Hata hivyo, dhana nyingi za poka bado hazina istilahi zilizokubalika. Haja hiyo si ya wachezaji peke yao. Mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, na mfasiri aweza kukabidhiwa kanuni za mashindano, mkataba, au ushahidi wa shauri lihusulo mchezo huu. Katika makala haya tunachunguza dhana moja tu, nayo ni hali ya mchezaji aliyebakiwa na kete chache mashindano yanapokaribia kwisha.

Katika aina ya poka iliyoenea zaidi, kila mchezaji hugawiwa karata mbili za siri, kisha karata tano huwekwa wazi mezani kwa matumizi ya wote. Wachezaji huanza na kete sawa, na apotezaye zote hutoka. Katika kila mgao wachezaji wawili hutoa dau kabla ya kuona karata zao, mmoja dogo na wa pili kubwa, na wajibu huo huzunguka meza. Mfasiri ashikaye neno la asili ataandika “dau la kipofu”, na msomaji atabaki akijiuliza kipofu ni nani. Sisi twapendekeza dau la lazima, kwa kuwa sifa yake kuu ni kulazimishwa. Dau hilo hupandishwa kila baada ya muda uliowekwa.

Hapo ndipo penye kiini cha dhana yetu. Kete 20,000 ni nyingi dau kubwa la lazima likiwa 200, lakini ni chache likiwa 2,000. Uchache huu basi haupimwi kwa idadi ya kete, bali kwa mizunguko ambayo mchezaji aweza kuilipia. Dan Harrington, bingwa wa Las Vegas wa mwaka 1995, alikieneza kipimo hicho katika kitabu chake cha mwaka 2005. Tuchukue madau ya lazima ya 1,000 na 2,000, pamoja na kiingilio cha 2,000 kilipwacho na mwenye dau kubwa. Mzunguko mmoja hugharimu kete 5,000. Mwenye 20,000 amebakiwa na mizunguko minne. Hali hiyo twapendekeza iitwe akiba haba, na kipimo chake uwiano wa mizunguko.

Yafaa tutahadhari, kwa maana neno haba hutukumbusha methali isemayo haba na haba hujaza kibaba. Katika poka kibaba hiki kinavuja. Mwenye akiba haba akingoja karata nzuri, madau ya lazima yataila akiba yake. Ni kweli kwamba mwaka 1982 Jack Straus alibakiwa na kete moja, naye akaibuka bingwa. Lakini kisa hicho husimuliwa kwa sababu ya uadimu wake.

Kwa hiyo mwenye akiba haba hutakiwa kutenda mapema, kwa kuweka kete zake zote mara moja. Tendo hili twaliita kutia zote. “Kumwaga” lisingefaa, kwani hudokeza upotevu. Wengine wote wakijitoa, mwenye kete 20,000 huongeza 5,000, yaani robo ya akiba yake. Mwenye dau kubwa akitaka kuitikia, hana budi kuongeza 18,000 ili agombee 25,000 zilizokwisha kuwekwa. Lakini mchezaji wetu akiwa amengoja mizunguko miwili, amebaki na 10,000. Sasa mpinzani huongeza 8,000 tu ili agombee 15,000. Kuitikia kumekuwa rahisi, na tishio limekwisha.

Mfasiri atofautishe pia kutia zote na kuitikia. Atiaye zote wa kwanza ana njia mbili za kushinda: wenzake kujitoa, au karata zake kushinda zinapofunuliwa. Aitikiaye ana njia ya pili tu, hivyo huhitaji karata bora zaidi.

Kuchukua madau ya lazima baada ya wote kujitoa huitwa, katika lugha ya asili, kwa neno lenye maana ya wizi. Tendo lenyewe ni halali kabisa. Likifasiriwa “kuiba madau” katika hati ya mahakama, mchezaji asiye na kosa ataonekana mhalifu. Twapendekeza kunyakua madau.

Iko hali moja ambapo kungoja kwaweza kuwa busara. Wakibaki wachezaji 10, na zawadi ni za 9, atokaye sasa hapati kitu. Lugha ya asili hulinganisha hatua hii na povu la sabuni. Sisi twaiita kizingiti cha zawadi. Mwenye mizunguko minne, akimwona jirani ana mmoja tu, ana sababu ya kujitoa hata kwa karata ambazo kwa kawaida angetia zote. Kete za mashindano si fedha: thamani ya zile anazoweza kupoteza hapo huzidi thamani ya zile anazoweza kupata.

Istilahi tunazozipendekeza, basi, ni dau la lazima, akiba haba, uwiano wa mizunguko, kutia zote, kuitikia, kujitoa, kunyakua madau na kizingiti cha zawadi. Tumeziunda kwa kufuata kazi ya kila dhana mezani, si sura ya neno la kigeni. Msomaji mwenye neno lililo bora zaidi, hasa lile litumikalo tayari na wachezaji wenyewe, alilete lipimwe pamoja na haya.