Baada ya upasuaji wa tezi dume, kipimo cha haraka hupotosha

Mwanamume wa Nyakabiga, mtaa wa Bujumbura, aliyetolewa tezi dume kwa sababu ya saratani hurudi nyumbani na mpira wa mkojo, utakaokaa wiki moja hadi mbili, pamoja na swali ambalo siku hiyo hakuna awezaye kulijibu: je, imekwisha? Maabara zinazopima PSA haziko mbali na mtaa huo, nguvu ya kutembea inarejea kidogo kidogo, na watoto walioko ughaibuni hupiga simu kila jioni wakiuliza majibu. Kishawishi cha kwenda kutoa damu kabla ya tarehe ya daktari ni kikubwa. Hata hivyo, zile wiki sita hadi nane anazoambiwa asubiri ni sehemu ya kipimo chenyewe, na anayezifupisha hununua karatasi isiyo na maana. Subira hiyo ina sharti lake, na kwa Bujumbura sharti lenyewe ni zito kuliko kwingine.

PSA ni protini inayotengenezwa na tezi dume. Tezi ikishatolewa, ile iliyokwisha kuingia katika damu haitoweki papo hapo, bali hupungua kwa nusu kila baada ya siku mbili au tatu hivi. Chukua mtu aliyeingia chumba cha upasuaji akiwa na PSA ya 20. Tukihesabu siku tatu kwa kila nusu, siku ya 14 bado atakuwa na takriban 0.8. Madaktari wengi huhesabu kwamba ugonjwa umerudi pale PSA, baada ya kushuka, inapopanda hadi 0.2 na kipimo cha pili kikathibitisha. Mgonjwa wetu, hata kama hakubakiwa na chembe moja ya saratani, atashika karatasi iliyopita kikomo hicho mara nne, na nyumba nzima itaanza kulia. Siku ya 42 hesabu ile ile inampa kama 0.001, kiasi ambacho mashine nyingi haziwezi hata kukiona.

Karatasi hiyo hiyo huweza kudanganya kwa upande wa pili, na udanganyifu huu ni mbaya zaidi kwa kuwa unafurahisha. Pembeni mwa jibu maabara huchapisha kiwango cha kawaida, mara nyingi 0 hadi 4. Kiwango hicho ni cha mwanamume mwenye tezi dume. Asiye nayo tena akipata 0.9 ataambiwa na karatasi kwamba yuko salama, naye atakaa mwaka mzima bila kurudi kwa daktari, ilhali namba hiyo ilipaswa kumrudisha wiki hiyo hiyo. Tena, si kila “kutolewa prostati” ni upasuaji mmoja. Wazee wengi wa kanda yetu hupasuliwa kwa sababu ya kuvimba kwa kawaida kunakobana mkojo. Hapo daktari huondoa sehemu ya ndani iliyovimba na kuacha ganda la nje, na ndani ya ganda hilo ndimo saratani nyingi za tezi huanzia. Ikiwa saratani iligunduliwa kwa bahati katika nyama iliyotolewa kwa upasuaji wa namna hiyo, PSA haitafika sifuri, na kanuni ya 0.2 haimhusu. Familia inapaswa kuuliza waziwazi: tezi imetoka yote au nusu?

Jibu la pili, ambalo mara nyingi husahaulika kwa sababu halina namba moja ya kuitangaza, ni ripoti ya patholojia: uchunguzi wa nyama iliyotolewa, chini ya hadubini. Humo mna alama ya Gleason, iliyobuniwa na Mmarekani Donald Gleason katika miaka ya 1960, inayoeleza ukali wa seli. Mna pia habari kama saratani imevuka ganda la tezi, kama imeingia katika vifuko vya manii au matezi ya limfu, na kama ilifika ukingoni mwa kisu. Hilo la mwisho huogopesha kuliko linavyostahili, kwa kuwa ukingo wenye seli za saratani huongeza hatari lakini hauna maana kwamba ugonjwa umebaki. Ripoti hii na PSA husomwa pamoja, kwa hiyo nakala yake ikae nyumbani, ndani ya bahasha moja na majibu yote ya zamani.

Pingamizi linalokuja mara moja ni kwamba saratani haingoji, na kila wiki inayopita ni zawadi kwa ugonjwa. Ushahidi hauungi mkono hofu hiyo. Mwaka 1999 Charles Pound na wenzake wa Johns Hopkins walichapisha matokeo ya karibu wanaume 2,000 waliofanyiwa upasuaji huu. PSA ilirudi kwa asilimia 15 hivi, na kwa waliofuatiliwa bila tiba ya mapema, muda wa kati kutoka PSA kupanda hadi saratani kuonekana mahali pengine mwilini ulikuwa miaka minane. Mwaka 2020 utafiti wa RADICALS, uliowashirikisha wanaume 1,396 wa Uingereza, Denmark, Kanada na Ireland, ulilinganisha mionzi ya papo hapo na kungoja mpaka PSA ipande ndipo mionzi itolewe. Waliowahi hawakupata faida, ila walipata shida zaidi ya kuvuja mkojo.

Kuvuja huko, tuseme kwa kifupi, huwapata wengi mpira ukishatolewa, na hupungua kwa miezi, pengine mwaka, hasa kwa anayefanya mazoezi ya kubana misuli ya nyonga. Wapo wanaoacha kunywa maji ili wasiloane. Mkojo uliokolea huchokoza kibofu na kuongeza tatizo. Nguvu za kiume huchukua muda mrefu zaidi, hata miaka miwili. Homa, mpira kuziba, mguu mmoja kuvimba au pumzi kukata ghafla ni mambo ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Pingamizi la pili nalikubali kwa sehemu kubwa. Tafiti hizo za Pound na RADICALS ni za watu wengine. Katika nchi zetu wagonjwa wengi hufika ugonjwa umekwisha kukomaa, na huko Marekani kwenyewe wanaume weusi hufa kwa saratani hii karibu mara mbili ya weupe. Aliyengoja London alingoja akiwa na mashine ya mionzi katika mji wake. Burundi iliishi miaka mingi bila mashine ya namna hiyo. Kigali, iliyoanza tiba ya mionzi mwaka 2019 katika Hospitali ya Kijeshi ya Kanombe, ndiyo iliyokuwa karibu, lakini Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake wa nchi kavu na Rwanda. Zipo Ocean Road ya Dar es Salaam na Taasisi ya Saratani ya Uganda huko Mulago, kwa mwenye nauli na mwenyeji. Hilo halibatilishi wiki sita, maana hesabu ya damu ni ile ile Nyakabiga na London. Linachobadilisha ni yanayofuata, na hapo ndipo lilipo sharti la subira: kipimo kila miezi mitatu hadi sita katika miaka ya mwanzo, katika maabara ile ile kwa sababu mashine hutofautiana, na barua ya rufaa, pasipoti na bajeti ya safari kuandaliwa PSA inapoanza kupanda kutoka 0.05 kwenda 0.1, bila kusubiri ifike 0.2 ndipo ukoo uitwe kuchanga.