Akiba Haiozi, Lakini Matango Huoza

WAHENGA walinena kwamba akiba haiozi. Walinena kweli, ila yaelekea hawakuwa wachuuzi wa matango. Yeyote aliyewahi kupita soko la Jamhuri mjini Thika, au akashuka matatu karibu na soko la Ruiru wakati jua linapotua, atakuwa ameshuhudia jambo ambalo methali hiyo haikulitaja. Matango yaliyokuwa yakimetameta asubuhi huwa yameanza kunywea, bei inashuka saa baada ya saa, na yale yasiyopata mnunuzi huishia kwenye lundo la takataka pamoja na jasho la mkulima na nauli ya mchuuzi.

Leo nataka kuzungumzia njia moja ya kuyaokoa matango hayo, nayo ni kuyatia katika siki, chumvi na viungo, yakawa achari ya haraka inayoweza kuliwa siku hiyo hiyo. Naam, ni jambo dogo la jikoni. Lakini mpenzi msomaji asifunue ukurasa mwingine kwa sababu hiyo, kwa maana ndani ya chupa moja ya matango mna swali zito kuhusu elimu tunayowapa watoto wetu.

Swali lenyewe lilinijia darasani. Nilikuwa nikifundisha osmosisi, yaani jinsi maji yanavyopenya kiwambo chembamba cha seli kutoka penye mchanganyiko hafifu kwenda penye mchanganyiko mzito. Tulikuwa tumefanya jaribio letu la kawaida la vipande vya kiazi katika maji ya chumvi. Mvulana mmoja alisimama akaikariri fasili yote kwa Kiingereza, neno kwa neno, kama ilivyo kitabuni, na wenzake wakampigia makofi. Nikamuuliza kwa Kiswahili: mbona kachumbari ikitiwa chumvi mapema mno hukutwa inaogelea majini? Akanyamaza. Darasa zima likanyamaza. Kisha yeye mwenyewe akaniuliza kwa adabu, "Mwalimu, hilo litakuja kwenye mtihani?"

Mama yake kijana yule huuza mboga Ruiru, kando ya kituo cha magari. Nilipomuuliza baadaye nyumbani hufanya nini na matango yanayobaki, alijibu kwa kifupi: "Mama huyatupa."

Tangu siku hiyo sijapata utulivu. Tunaye mtoto anayeijua kanuni, na mzazi wake anayeihitaji kanuni hiyo, nao wanalala chini ya paa moja pasipo kanuni kumfikia mzazi. Ikiwa hali ni hiyo, tumefundisha nini?

Nisije nikadhaniwa kwamba najiweka juu ya wengine, hebu nikiri kosa langu. Jioni ile nilinunua matango ya mwisho ya mchuuzi mmoja kwa bei ya kutupa, nikaenda nayo nyumbani nikiwa na azma ya kutengeneza achari. Nilikuwa nimeionja mara nyingi kwa jirani zetu Wahindi wa Thika. Nilikata matango, nikamimina kikombe kimoja cha siki, na kwa kuwa niliona siki ni ghali, nikaongeza vikombe vinne vya maji. Nikafunga chupa kwa nguvu, nikaiweka rafuni kama pambo. Baada ya siku chache maji yalikuwa yamegeuka ukungu, mfuniko umefura, na harufu iliyotoka nilipoifungua iliwatoa watoto jikoni. Mimi, mwalimu wa sayansi, nilikuwa nimedhani siki ni kiungo cha ladha tu. Kumbe siki ndiyo askari wa lango, nami nilikuwa nimempunguzia silaha kisha nikamtaka alinde ngome.

Tufanye hesabu kidogo, ambayo mwanafunzi yeyote wa shule ya upili anaimudu. Siki nyingi za dukani huwa na asidi ya asetiki ya asilimia 5 hivi. Kikombe kimoja kikichanganywa na vinne vya maji, asidi hushuka hadi asilimia 1. Kikombe hicho hicho kikichanganywa na nusu kikombe cha maji, asidi husalia takriban asilimia 3.3. Tena tango lenyewe ni maji kwa kiasi cha asilimia 95, na maji hayo hutoka polepole yakazidi kuipunguza nguvu siki. Ndiyo sababu mpishi hodari hutanguliza chumvi: huyatoa maji ya tango kabla siki haijaingia. Hiyo ndiyo osmosisi iliyokaririwa na yule kijana. Imekuwa ikifanya kazi katika bakuli la mama yake miaka yote hiyo, ila hakuna aliyewajulisha.

Sasa niieleze njia yenyewe, kama nilivyojifunza baada ya kuaibika.

Chukua matango mawili au matatu ya wastani, mabichi na magumu, yasiyo na michubuko. Yaoshe vizuri. Kata ncha zote mbili uzitupe, hasa ile ya upande uliokuwa na ua, kwa maana huko ndiko kwenye vimeng'enya vinavyolainisha tango likapoteza ukakasi wake mdomoni. Katakata vipande vyembamba vya mviringo, pamoja na kitunguu maji kimoja. Nyunyizia kijiko kikubwa kimoja cha chumvi, changanya kwa mkono, acha kwa nusu saa. Utakuta maji yamejaa chini ya bakuli. Yamwage, suuza vipande upesi kwa maji safi, kisha vikamue kwa upole.

Kando ya hayo, chemsha kikombe kimoja cha siki na nusu kikombe cha maji, vijiko viwili vikubwa vya sukari, kijiko kidogo cha chumvi, punje chache za pilipili manga na vipande vya tangawizi. Anayependa ukali na aongeze pilipili. Hapa nina onyo kwa jiko la Kikenya: sufuria zetu nyingi ni za alumini, na asidi huila alumini ikaharibu ladha na chombo. Tumia chombo cha chuma kisichoshika kutu, au sufuria ya enameli isiyobanduka. Mchanganyiko ukichemka na sukari ikayeyuka, umimine juu ya matango yaliyopangwa katika chupa ya kioo iliyooshwa kwa maji moto. Hakikisha vipande vyote vimezama. Acha yapoe, funika.

Baada ya saa moja yanalika. Kesho yake huwa matamu zaidi. Ukiyaweka kando ya githeri, au ya ugali na maharagwe, chakula ambacho watoto wamekichoka hupata uhai mpya.

Lakini hapa ndipo penye jambo ambalo ningependa lisisahaulike hata kama mengine yote yatasahaulika. Achari ya haraka si hifadhi ya kudumu. Siki na ubaridi wa jokofu kwa pamoja huyatunza matango kwa wiki moja au zaidi kidogo. Asiye na jokofu, nao ni wengi miongoni mwetu, atengeneze ya kutosha kuliwa siku hiyo au kesho yake, basi. Asiyaweke rafuni kama nilivyofanya mimi. Wataalamu wa chakula duniani wanatumia kipimo cha pH 4.6 kama mpaka: chakula chenye asidi ya kutosha kukiweka chini ya mpaka huo hakiwapi nafasi ya kuota bakteria wanaotoa sumu ya botulini. Juu ya mpaka huo, ndani ya chupa iliyofungwa bila hewa, bakteria hao wanaweza kuota pasipo dalili ya kuonekana kwa macho. Chupa yangu ilinionya kwa harufu. Si kila chupa inaonya. Na yeyote atakayewazia kuuza, ajue kwamba vyakula vya kufungwa chupani vinahitaji kibali cha Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS), na kibali hicho si usumbufu mtupu.

Wapo watakaosema: haya ni mambo ya Wahindi, au ya Wazungu, sisi yatuhusu nini? Wanaosema hivyo hawajaisikiliza lugha wanayoisema. Neno kachumbari asili yake ni Bara Hindi, na neno achari lina ndugu yake huko huko na Uajemi. Leo hakuna nyama choma ya Thika isiyo na kachumbari, wala pilau ya Mombasa au Lamu isiyotamani achari ya embe au ya ndimu. Aidha uchachu wenyewe hatukuuazima kwa mtu. Uji uliochachuliwa ulinyweka katika nyanda hizi za Wakikuyu kabla reli haijafika Thika mwaka 1913, na mursik ya Wakalenjin ni maziwa yaliyohifadhiwa kwa kazi ile ile ya asidi. Tofauti ni kwamba katika uji na mursik, bakteria wema huitengeneza asidi wenyewe polepole, ilhali katika achari ya haraka sisi huileta asidi ikiwa tayari chupani. Bibi zetu waliijua kazi. Hawakuwa na jina lake. Sisi tunalo jina, kazi tumeiacha.

Na tazama mahali tunapoiachia! Thika ni mji ambao mananasi yake hufungwa mikebeni na kusafirishwa ng'ambo. Juja, katikati ya Thika na Ruiru, kuna Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, kilichoanza mwaka 1981 kama chuo cha kati na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 1994, ambako sayansi ya chakula hufundishwa hadi shahada za juu. Ruiru nayo, iliyojulikana kwa mashamba ya kahawa na kwa aina ya mbegu ya Ruiru 11 iliyotolewa mwaka 1985, imejaa nyumba za kupangisha; sensa ya mwaka 2019 ilihesabu huko karibu watu nusu milioni. Watu hao hununua mboga kila jioni. Elimu ya kuhifadhi chakula imewazunguka pande zote, kiwandani na chuoni, lakini haijavuka barabara kuingia sokoni.

Sisi walimu hatuwezi kunawa mikono. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985, sayansikimu, kilimo na kazi za mikono zilipewa nafasi shuleni. Wazazi walilalamika kuhusu gharama, shule nyingi hazikuwa na vifaa, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo kadhaa ya aina hiyo yaliondolewa katika mtihani wa darasa la nane. Somo lisilotahiniwa likawa somo lisilofundishwa. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, umekuja na ahadi ya kuyarudisha mambo ya vitendo. Mimi naiunga mkono ahadi hiyo, lakini nimeshaona vitendo vikigeuzwa kuwa karatasi za kupigiwa picha, na mzazi akitumwa dukani usiku kununua vifaa ambavyo mtoto havigusi. Tukienda hivyo, tutakuwa tumebadilisha jina la mtaala tu.

Kwa hivyo nina pendekezo dogo, lisilohitaji maabara wala bajeti ya wizara. Mwalimu mwenzangu, chukua matango matatu ya bei ya jioni. Wape wanafunzi wapime uzito wa vipande kabla ya kutiwa chumvi na baada ya nusu saa, waandike tofauti. Kisha watayarishe chupa tatu: ya kwanza yenye siki tupu, ya pili yenye kikombe cha siki kwa vikombe vinne vya maji, ya tatu yenye maji ya chumvi hafifu pekee. Zifunikwe pasipo kukazwa, zisije zikapasuka kwa gesi. Waziangalie kila siku kwa wiki moja, waandike rangi, povu na harufu. Asionje mtu yeyote. Chupa hizo ni za macho na daftari, kisha zitupwe. Ya kula itengenezwe kando, na iliwe siku hiyo hiyo. Mwalimu wa hisabati atapata hesabu za asilimia, wa kemia atapata asidi, wa baiolojia atapata osmosisi na bakteria, na wa Kiswahili atapata insha ambayo mwandishi wake ana jambo la kusema.

Nawe mwanafunzi, usimsubiri mwalimu. Jioni ya leo uende nyumbani ukamweleze mama au baba, kwa lugha mnayozungumza mezani, kwa nini kachumbari hutoa maji. Ukishindwa kulieleza, ujue kwamba hujalielewa bado, hata kama ulipata alama zote.

Yule kijana wa Ruiru nilimjibu siku ya pili, kwa kuwa siku ya kwanza sikuwa na jibu. Nilimwambia sijui kama swali lile litakuja kwenye mtihani. Mtihani wa taifa huja mara moja, nao hupita. Jioni ya soko huja kila siku, na mama yake huukalia mtihani huo peke yake.