Herufi Sita Kabla ya Jeni

Msomaji anayemeza dawa za kifua kikuu anauliza: mkojo kuwa mwekundu ni ishara kwamba dawa inapambana na wadudu? Hapana, hiyo ni rangi ya rifampisini, mojawapo ya dawa hizo, ikitoka mwilini. Mapambano hayaonekani, nayo ndiyo matamu.

Rifampisini hulenga kimeng'enya kinachonakili DNA ya bakteria kuwa RNA. Kimeng'enya hicho peke yake hakijui pa kuanzia. Bakteria E. coli ana herufi milioni 4.6 hivi, kianze wapi? Huongozwa na protini iitwayo sigma, iliyotambuliwa mwaka 1969. Sigma husaka alama mbili: TTGACA, herufi 35 hivi kabla ya mwanzo wa kunakili, na TATAAT, herufi 10 hivi kabla yake, iliyoelezwa na David Pribnow mwaka 1975. Sehemu yenye alama hizo mbili naiita kianzishi. Wengine husema promota, lakini kwangu promota ni yule wa ndondi. Alama hizo ni nadra kukamilika: jeni moja hukosea herufi hii, nyingine ile, na hivyo nguvu za vianzishi hutofautiana.

Kwenye TATAAT sigma hupindua herufi mbili na kuzitia katika vijimfuko vyake, nyuzi za DNA zikaachana. Kisha kimeng'enya huanza kuandika bila kuondoka! Fikiria mashua iliyotia nanga, wavuvi wakivuta jarife. Wavu unarundikana ndani, mashua haijasogea hata shubiri. Mara nyingi mikono hulegea, wavu wote ukarudi majini, na kipande kifupi cha RNA kikatupwa. Wanaanza tena, na tena. Rundo likizidi, mkazo wake hukata kamba ya nanga, na mashua hutoka mbio ikisoma jeni nzima. Majaribio ya mwaka 2006 yalionyesha kwamba DNA huvutwa ndani hivyo hasa.

Rifampisini hukaa kwenye njia ya kutokea RNA. Mnyororo wa RNA ukifika herufi mbili au tatu hugonga dawa, basi. Nanga haikatiki kamwe. Kimeng'enya chetu sisi binadamu hakina umbo la kuikaribisha.

Bakteria sugu wengi wamebadilisha herufi katika kipande kifupi cha jeni moja ya kimeng'enya hicho, chenye herufi 81, na mashine ya GeneXpert hukagua kipande hicho hicho. Kwa hiyo, ndugu msomaji, rangi isikutishe wala kukupumbaza: maliza dozi, na kikohozi kisipopungua omba makohozi yapimwe tena.