Hofu Iliyo Nyumbani: Riwaya, Filamu za Kutisha na Wanawake wa Kusini (Sehemu ya Pili)

Mwaka 1870 vilitoka Ulaya vitabu viwili vyenye chimbuko lake Unguja. Kimoja kilichapishwa London: ngano za Kiswahili alizozikusanya Edward Steere, na ndani yake yumo Nunda mla watu, paka aliyeachwa afanye atakavyo mpaka akaanza kula binadamu. Kingine kilichapishwa Paris na padri Mfaransa aitwaye Gaume, nacho kinasimulia habari za Swema, binti wa Kiyao aliyezikwa akiwa hai. Nunda anasimuliwa mpaka leo. Swema amebaki mikononi mwa wanahistoria. Hoja yangu katika sehemu hii ni kwamba mwandishi wa kubuni anayetaka kuandika hofu kwa Kiswahili, awe wa riwaya au wa filamu, anayo mali nzito kuliko Nunda, nayo imo katika historia ya wanawake wa Kusini, kuanzia ng'ambo ya Ruvuma hadi Masasi na Newala. Tena nasema kwamba historia hiyo inahitaji mbinu za hadithi za kutisha, kwa sababu lugha tulivu ya kitabu cha shule imeshindwa kuibeba.

Tuitazame kwanza habari yenyewe. Baba yake Swema alikwisha kufa, na mama alikopa nafaka akashindwa kulipa. Mdai akamchukua mtoto badala ya deni, akauzwa kwa msafara uliokuwa ukielekea pwani. Mama hakukubali kuachana naye. Akaomba kuufuata msafara, na ili aruhusiwe akajitolea kubeba mzigo wa pembe za ndovu. Njiani nguvu zikamwishia. Mzigo ulipomshinda akanyimwa chakula, na mtoto akawa anampunguzia posho yake kwa siri, hadi siku mama aliposhindwa kabisa kuinuka, akaachwa pale pale. Swema alifika Unguja akiwa mifupa mitupu. Mwenye mali alimwona si wa kuuzika tena, na kabla roho haijamtoka akaviringishwa mkeka na kufukiwa katika kaburi la juujuu. Kijana mmoja aliyepita jirani akasikia sauti, akafukua, akampeleka kwa masista waliotoka kisiwa cha Réunion. Mwanahistoria Edward Alpers aliirudia habari hii mwaka 1983, akaonyesha kwamba mwanamke asiye na mume wala ndugu wa karibu wa kumlinda alikuwa wa kwanza kugeuzwa malipo. Mfano ulio karibu na habari hii katika riwaya ni Yusuf wa Abdulrazak Gurnah, yule mvulana aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake katika Paradise, ambayo sasa tunayo kwa Kiswahili kwa jina la Peponi. Lakini Yusuf ni mvulana, tena ni wa kubuni.

Tazama mambo yaliyomo humo: deni dogo linalozaa adhabu isiyo na kikomo, mzigo unaomla aubebaye, mtu anayehesabiwa maiti naye anasikia udongo ukimwagwa juu ya mkeka. Mtunzi wa filamu za kutisha angetafuta miezi mingi asipate mpango wa matukio ulioshikana namna hii. Na Kusini kwenyewe kuna hofu inayofanana na hiyo. Habari za ndondocha, mtu anayedhaniwa amekufa na kuzikwa, kumbe amechukuliwa kichawi, amekatwa ulimi, anamlimia bwana wake shamba usiku, zinasimuliwa sana katika mikoa ya kusini. Mtu aliyetolewa kwao, akanyimwa ulimi, akafanyishwa kazi isiyo na ujira: sioni namna ya kumsikia ndondocha bila kuikumbuka misafara. Wataalamu wamekwisha kusema hivyo kuhusu mazombi wa Haiti, kwamba ni kumbukumbu ya mashamba ya miwa. Sidai kwamba nimethibitisha jambo lile lile kwa uwanda wa Makonde. Nadai kwamba mwandishi wa kubuni anaruhusiwa kuuona ukaribu huo na kuufanyia kazi.

Masasi inaingia hapa moja kwa moja. Mwaka 1876 huyo huyo Steere, sasa akiwa askofu wa misheni ya Kianglikana ya UMCA, aliondoka Unguja na kundi la watumwa waliokombolewa, wanaume na wanawake, kwa nia ya kuwarudisha upande wa Ziwa Nyasa. Wakaishia Masasi, chini ya majabali yale, wakajenga. Miaka 6 baadaye, Septemba 1882, Wangoni waliojulikana kama Magwangwara wakaivamia Masasi, wakaua na kuchukua mateka, na misheni ikahamia Newala kwa chifu Matola. Mtu aliyetekwa mara moja, akakombolewa, akaanza kulima chake, akatekwa tena: ndiyo hofu anayoijua kila mtazamaji wa filamu hizi, pale mhusika anapodhani amefika salama na mlango unagongwa. Kumbukumbu za wamisionari zimehifadhi vizuri majina ya Chauncy Maples na wenzake. Majina ya wanawake waliochukuliwa ni ya kutafuta kwa tochi.

Kisha ikaja kamera. Mwaka 1906, moto wa Maji Maji ukiwa haujapoa, mtafiti wa mila Karl Weule kutoka Leipzig, Ujerumani, alipita Masasi, akapanda Newala na kufika Mahuta, akiwa na kamera ya sinema pamoja na mashine ya kunasa sauti. Kwa hiyo uwanda huu ulipigwa filamu mapema mno. Lakini alichokipenda mpigaji, na alichokitaka msomaji wa Ulaya, ni mwanamke mwenye ndonya kwenye mdomo wa juu, akipigwa picha kutoka upande mmoja ili kipande hicho cha mti kionekane kimechomoza vizuri. Mwanamke akafanywa kitisho. Hakuulizwa yeye anaogopa nini. Weule huyo huyo, na hili namshukuru kwalo, aliandika simulizi ya asili ya Wamakonde: kiumbe aliyekuwa peke yake alichonga mti kwa sura ya mwanamke, akausimamisha, nao ukapata uhai. Walipokaa bondeni karibu na Ruvuma mtoto alizaliwa amekufa. Wakapanda juu kidogo, wa pili naye akazaliwa amekufa. Wa tatu, aliyezaliwa huko juu Mahuta, ndiye aliyeishi. Mwili wa mwanamke ndio uliolipia maarifa ya wapi watu wakae. Jamii inayohesabu ukoo kwa upande wa mama ilikuwa na sababu ya kuanza hadithi yake hapo.

Filamu zetu za kutisha zilifuata njia ya Weule kuliko njia ya simulizi hiyo. Mussa Banzi alifungua ukurasa kwa Nsyuka mwaka 2003, na Shumileta iliyofuata ikamweka katikati jini mwanamke anayempenda binadamu na kuacha vifo nyuma yake. Nawaheshimu watengenezaji hao. Kwa fedha kidogo walithibitisha kwamba Mswahili anaweza kuogopeshwa kwa Kiswahili, na kwamba kanda zitanunuliwa. Ila katika nyingi zilizofuata hofu inatoka kwa mwanamke: jini mrembo, mke mwenza mwenye hirizi, bibi kizee mchawi. Mwenye kuogopa ni mwanamume, na mtazamaji anaambiwa aogope pamoja naye.

Hapa linaingia pingamizi zito kuliko yote. Katika nchi ambayo vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi, hasa Usukumani, wengine kwa sababu tu macho yao ni mekundu baada ya miaka mingi ya moshi wa jikoni, je, ni busara kuhimiza hadithi za kutisha? Sheria ya Uchawi tunayo tangu 1928 na haikuwaokoa. Najibu kwamba pingamizi hili linaipiga ile hofu ya jini mwanamke, na linaipiga kwa haki. Halimgusi mwandishi anayemweka mtazamaji ndani ya nyumba ya yule bibi, usiku, anaposikia miguu ya vijana uani. Anayeogopa hapo ni yeye, na mtazamaji analazimika kuogopa kwa niaba yake.

Wengine watasema kwamba kuyageuza mateso kuwa burudani ni kuyadharau. Toni Morrison alikwisha kulijibu hilo mwaka 1987, alipokichukua kisa cha Margaret Garner, mama mtumwa aliyemuua mwanawe mwaka 1856 asirudishwe utumwani, akakiandika kama hadithi ya mzimu, Beloved. Hakuna aliyekisoma kitabu kile akatoka akiona mateso yamedharauliwa. Mzimu ulimsaidia kusema kwamba jambo lile halijaisha, na historia iliyoandikwa kwa tarehe peke yake hulifanya lionekane limeisha.

Linabaki lile la maneno ya Swema kutufikia kwa mkono wa mapadri, waliotaka sadaka za Wafaransa. Ni kweli, na linaonekana: mwisho wa habari ni binti kumuuguza yule aliyemzika, mwisho uliokaa sana kimahubiri. Lakini sababu hii ndiyo inayomhitaji mwandishi wa kubuni. Mwanahistoria analazimika kusimama pale ushahidi uliposimama, na ushahidi ulimwacha mama njiani. Msafara ulipoondoka, msimulizi aliondoka nao. Hakuna padri wala mkusanyaji aliyebaki na yule mwanamke chini ya mti. Riwaya inaweza kubaki naye. Inaweza kumpa jina, ikamrudishia kijiji, deni na jirani aliyemdai, na kumwacha aseme mwenyewe kwa nini aliukubali mzigo wa pembe akijua hauwezi. Atakayeifanya kazi hiyo atakuta Masasi na Newala watu ambao bibi zao waliipita njia ile, na juma lijalo nitaeleza kilichobaki katika nyimbo za unyago na katika mapiko, ngoma ambayo wanaume waliivalia vinyago kuwatisha wanawake, na wanawake wakajua siri yake tangu zamani.